Gari la Zamani Linalozima na Kuwaka Lenyewe: Ushauri kwa Mlaji kabla ya Kununua Spea

Katika matengenezo ya magari, liko lalamiko moja ambalo mlaji hulieleza kwa uchungu wa pekee. Gari limezima njiani. Limekaa nusu saa, likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Limepelekwa gereji, fundi akalisikiliza asione kitu. Spea imenunuliwa na kufungwa, gari likatembea siku nne, siku ya tano likazima tena mahali pabaya zaidi ya pale pa kwanza. Makala haya yanahusu hitilafu ya namna hiyo, hasa inapotokana na mfumo unaozalisha cheche za kuwashia petroli ndani ya injini. Mwenye gari la dizeli hatapata msaada mkubwa hapa, kwa kuwa dizeli huwaka kwa mgandamizo wala haihitaji cheche.

Tumeandika tukiwafikiria wakazi wa Tukuyu na wilaya ya Rungwe kwa jumla. Magari mengi wanayoyategemea yana umri wa miaka ishirini au zaidi, na hali ya hewa na barabara za huko huzifichua kasoro za cheche kuliko sehemu nyingi za nchi yetu.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Tukuyu ana Toyota Corolla ya mwaka 1997. Asubuhi humpeleka kazini, na siku za mapumziko hubeba ndizi na parachichi za familia kwenda kuuzwa Mbeya. Mwezi Machi gari linaanza kukohoa asubuhi na kukosa nguvu. Fundi wa kwanza anabadilisha plagi. Siku tatu mfululizo jua linawaka, gari linakwenda vizuri. Mvua inarudi na kikohozi kinarudi. Fundi wa pili anashuku pampu ya mafuta. Inanunuliwa mpya, na wiki nzima gari halina tatizo. Kisha linazima kwenye mlima karibu na Kiwira, jioni, likiwa na abiria watatu na mzigo. Fundi wa tatu anaweka nyaya mpya za plagi na kushauri betri nayo ibadilishwe. Inapofika Mei mwenye gari amekwisha kulipia seti mbili za plagi, pampu, nyaya na betri, na ada ya ukaguzi mara tatu. Kasoro yenyewe ilikuwa ufa mwembamba kama unywele katika kifuniko cha distributa.

Katika mfano huu hakuna fundi aliyedhamiria kumwibia mteja. Kila mmoja alibadilisha kitu, gari likapona, naye akaamini kwa dhati kwamba ndiye aliyeliponya, ilhali lililoliponya lilikuwa jua. Hapo ndipo ulipo ugumu wa hitilafu inayokuja na kuondoka: sifa huiendea spea ya mwisho kufungwa, na ukweli hubaki umejificha mpaka mvua inayofuata. Kwa hiyo ushauri wetu wa msingi ni kwamba mlaji asilipie spea kabla ya hitilafu kuonekana ikitenda kazi yake, au angalau kabla ya kujulikana ni hali gani huiita na hali gani huifukuza.

Njia ya cheche

Betri hutoa volti 12 tu, na kiasi hicho hakiwezi kurusha cheche katikati ya mchanganyiko wa hewa na petroli uliogandamizwa. Koili ndiyo huukuza umeme huo hadi maelfu mengi ya volti, mara nyingi kupita 20,000. Katika magari ya zamani zaidi, kama Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, kinachokata na kuunga umeme wa koili ni platini, yaani vidole viwili vidogo vya chuma ambavyo nafasi kati yake haizidi sana milimita 0.4. Katika Toyota na Nissan za miaka ya 1990 platini hazipo. Kazi yake hufanywa na kifaa cha elektroniki ambacho mafundi hukiita ignaita, na mara nyingi koili yenyewe imefichwa ndani ya distributa. Umeme mkubwa ukishazaliwa hupita kwenye rota inayozunguka chini ya kifuniko, ukagawiwa kwa nyaya hadi kwenye plagi moja moja kwa zamu.

Umeme wa volti nyingi namna hiyo hutafuta njia rahisi ya kurudi kwenye chuma cha injini. Palipo na ufa, uchafu, mpira uliokauka au unyevu, hupitia hapo badala ya kuruka kwenye plagi. Injini ikikosa cheche kwenye silinda moja hutetemeka na kukohoa, hali ambayo mafundi huiita kumisi. Ikikosa kwenye silinda zote huzima papo hapo.

Ni vema pia kujua kwamba cheche huhitaji volti nyingi zaidi injini inapobeba mzigo, kwa sababu mgandamizo ndani ya silinda huongezeka dereva anapokanyaga mafuta. Ndiyo maana gari linaloonekana zima likiwa limesimama gereji huweza kumisi vibaya mlimani. Anayelikagua likiunguruma taratibu chini ya mwembe hajalikagua.

Kwa nini Rungwe

Mvua ya Tukuyu kwa mwaka hupita milimita 2,000, wakati Dodoma hupata takriban 600. Masika yakiisha, miezi ya Juni na Julai huleta baridi na ukungu unaolala juu ya mashamba ya chai, na gari linaloegeshwa nje usiku huamka limelowa hadi ndani ya boneti. Halafu iko barabara. Tukuyu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, iko chini kwa karibu kilomita nzima na ina joto kali. Anayetoka Tukuyu kwenda Kyela na kurudi siku hiyo hiyo hulipitisha gari katika unyevu wa baridi, joto la bondeni na mpando mrefu wenye mzigo.

Kwa mlaji mwerevu, safari hiyo ni kipimo kisicholipiwa. Gari linalosumbua asubuhi ya ukungu, kisha likatulia baada ya dakika kumi au kumi na tano za injini kupata moto, huelekeza shaka kwenye unyevu: kifuniko cha distributa, rota, nyaya za plagi. Gari linaloondoka vizuri, likazima baada ya saa nzima ya joto na kukataa kuwaka mpaka lipoe kwa dakika ishirini au thelathini, huelekeza shaka kwenye koili au ignaita, kwa kuwa waya mwembamba uliokatika ndani ya koili huweza kuachana joto linapoupanua na kugusana tena ukipoa. Gari linalozima kwenye mashimo na matuta, bila kujali mvua wala joto, huelekeza shaka kwenye viungo vya waya vilivyolegea.

Hizi ni dalili. Zisichukuliwe kuwa hukumu. Lakini dalili iliyoandikwa ina thamani kuliko spea iliyobahatishwa. Tunamshauri mlaji aweke daftari dogo ndani ya gari, na kila hitilafu inapotokea aandike tarehe na saa, mahali, kama kulikuwa na mvua, injini ilikuwa imetembea muda gani, gari lilikuwa likipanda au likishuka, na lilichukua dakika ngapi kuwaka tena. Matukio matano yaliyoandikwa hivyo humsaidia fundi kuliko maelezo ya kwamba “linazima zima tu”.

Dakika ile ya kuzima

Jambo la kwanza ni usalama. Injini ikizima gari likiwa katika mwendo, breki husaidiwa na akiba ndogo tu iliyobaki, ambayo huisha kwa kukanyaga mara mbili tatu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu, na usukani huwa mzito. Breki haijafa, ila inahitaji nguvu ya mguu mzima. Dereva asipampu breki ovyo, na asiutoe ufunguo, kwa maana usukani utajifunga. Apeleke gari pembeni, awashe taa za tahadhari na kuweka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma. Desturi ya kutandaza matawi ya miti barabarani inaeleweka kwa asiye na pembetatu, lakini tumechoka kuyaona matawi hayo yakibaki lamini siku mbili baada ya gari kuondoka, yakimngoja mwendesha bodaboda gizani.

Gari likiwa limesimama salama, dakika zinazofuata ni za thamani sana kwa uchunguzi, na wengi huzipoteza kwa kupiga stata mfululizo mpaka betri iishe. Dereva ajiulize kwanza injini ilizima kwa namna gani. Kama ilikatika ghafla, mithili ya mtu aliyezima taa, cheche ndizo za kushukiwa kwanza. Kama ilipungua nguvu polepole, ikavuta vuta na kufifia, mafuta ndiyo ya kushukiwa: chujio lililoziba, pampu iliyochoka au uchafu kwenye tangi. Kwenye gari la gia za mkono lenye mshale wa resi, iko dalili nyingine nzuri: mshale ukianguka hadi sifuri kwa mara moja wakati gia imeingia na magurudumu bado yanaizungusha injini, basi umeme wa koili umekatika. Na kama taa zote za dashibodi zilizimika pamoja na injini, tatizo halijafika hata kwenye koili; huenda ni kichwa cha betri kilicholegea au swichi ya ufunguo iliyolika. Rundo la funguo za nyumba, ghala na kufuli za baiskeli linaloning'inia kwenye ufunguo wa gari limekwisha kuharibu swichi nyingi.

Wakati gari limekataa kuwaka, mwenye plagi moja ya akiba anaweza kupima kama cheche ipo. Plagi hiyo huchomekwa kwenye waya mmoja wa plagi, chuma chake kikalazwa kigusane vizuri na chuma cha injini mbali na mabomba ya petroli, kisha mtu wa pili hupiga stata kwa sekunde mbili au tatu. Anayetazama asiishike plagi wala waya. Cheche nzima huwa ya buluu na huruka kwa mlio wa kupasuka. Iliyofifia na yenye wekundu ni dhaifu. Kama cheche ni nzima na injini haiwaki, mlaji ameokoa gharama ya koili na ayaelekeze macho kwenye mafuta. Kama hakuna cheche, na plagi zilizotolewa kwenye injini zimelowa petroli, basi mafuta yanafika na pampu haina kosa. Kipimo hiki kisifanywe panaponuka petroli iliyovuja, wala kisifanywe na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Mtindo wa kuchomoa nyaya za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma tunaukataza kabisa: humpiga mtu umeme, na huweza kuiua ignaita iliyokuwa nzima.

Kwa hitilafu ya unyevu kuna ukaguzi mwingine ambao hata asiye fundi huweza kuushuhudia. Usiku, gari likiwa limeegeshwa mahali penye giza na hewa ya kutosha, boneti hufunguliwa injini ikiunguruma. Nyaya zilizochoka huonyesha vicheche vya buluu vikitambaa juu yake. Kama havionekani, fundi hunyunyiza ukungu mwepesi wa maji kwa kichupa cha kupulizia kuelekea nyaya na kifuniko cha distributa, mikono na nguo zikiwa mbali na feni na mikanda. Injini ikianza kumisi mara maji yanapogusa mahali fulani, mwizi amekamatwa akiwa na mzigo. Kifuniko kikifunguliwa baada ya injini kuzimwa, ndani yake hutazamwa kama kuna ufa au mstari mweusi uliojichora kama mzizi kati ya ncha moja na nyingine. Mstari huo ni njia ya kaboni iliyochomwa na umeme wenyewe. Kuufuta kwa kitambaa husaidia siku chache tu, na dawa yake ni kifuniko kipya. Nyaya za plagi zipimwe kwa mita: kwa Toyota nyingi za kipindi hicho, waya unaozidi omu 25,000 umekwisha.

Tusiache kutaja uoshaji wa injini kwa maji ya presha. Magari mengi huanza kumisi siku hiyo hiyo yalipooshwa, na mwenye gari huamini limeharibika. Kabla ya kulipia chochote, kifuniko kikaushwe ndani, na visima vya plagi vikaushwe pia.

Mshukiwa asiyetajwa

Kati ya mambo yanayozimisha magari ya zamani, moja halimo katika kitabu chochote cha kiwandani, kwa sababu kiwanda hakikuliweka. Nalo ni alamu ya wizi iliyofungwa mtaani. Ili gari lisiibiwe, mfungaji hukata waya wa kuwashia na kupitisha umeme katika rilei ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, viungo vikasokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Miaka mitano baadaye utepe umeachia, rilei imechoka, na gari huzima kwenye kila tuta. Mlaji aliyenunua gari mkononi mwa mtu huenda hajui hata kama alamu hiyo ipo. Amwombe fundi aitafute na kuitazama kabla ya kugusa distributa. Waya wa ethi unaounganisha injini na bodi ukaguliwe wakati huo huo. Ni kazi ya dakika tano na haina spea.

Kuhusu mashine za kompyuta za kupimia magari, tahadhari ni muhimu. Magari mengi ya Japani ya katikati ya miaka ya 1990 hayana mfumo unaosomwa na mashine za kisasa, hata kama tundu la kuchomekea linafanana. Toyota za kipindi hicho hutoa taarifa kwa kumemetesha taa ya injini kwenye dashibodi, baada ya fundi anayejua kuunganisha ncha mbili maalumu katika kisanduku kilicho chini ya boneti. Namba 14, kwa mfano, humaanisha kwamba kompyuta ya gari haikupata jibu la cheche kutoka kwenye ignaita. Mlaji anayetozwa ada ya mashine anayo haki ya kuuliza mashine ilisoma nini, na kuonyeshwa.

Makubaliano na fundi

Fundi anaposema hajaona tatizo, hiyo si dalili ya uongo. Mara nyingi ndilo jibu la kweli kuliko yote atakayopewa mteja siku hiyo, na fundi anayelitoa tunamheshimu kuliko yule ambaye hakosi jibu. Gharama ya uchunguzi na gharama ya matengenezo zikubaliwe kwa kutenganishwa. Mlaji asiyetaka kulipia uchunguzi, akidai alipe spea tu, humlazimisha fundi kutafuta malipo yake ndani ya spea.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni katika karatasi ya daftari yenye sahihi mbili: kasoro iliyolalamikiwa, kitakachobadilishwa, bei, na muda ambao fundi ataliangalia gari tena bila malipo kasoro hiyo hiyo ikirudi. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, kisha gari lijaribiwe katika hali ile ile iliyokuwa ikilisumbua. Lililokuwa likisumbua kwenye mvua lisipokelewe kuwa limepona siku ya jua; lililokuwa likizima mlimani lipandishwe mlima. Spea ya zamani ni mali ya mwenye gari mpaka atakapoamua vinginevyo, hivyo airudishiwe na aitunze. Plagi, rota au koili iliyotolewa ikiwa nzima huwa spea ya akiba. Iliyotolewa ikiwa na ufa ni ushahidi.

Plagi na koili ni miongoni mwa spea zinazovutia waghushi kwa sababu ni ndogo na zina majina makubwa. Plagi iliyonunuliwa bila risiti, yenye maandishi yaliyopauka au nyuzi zilizochongwa vibaya, huweza kuanzisha hitilafu mpya juu ya ile ya zamani, na hapo uchunguzi huwa mgumu maradufu. Risiti ya mashine ya EFD idaiwe dukani, nayo ionyeshe jina la spea, si neno “vifaa” pekee.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu katika biashara, na anayelipia huduma anastahili kuhudumiwa kwa ustadi na uangalifu. Bidhaa bandia zinakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Masuala ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Mlaji aanze kwa kumrudia muuzaji au fundi mwenyewe, kwa maandishi, akieleza kilichotokea na anachokidai, na amwekee siku ya kujibu. Asipojibiwa, alalamike kwenye Tume, au afungue madai katika Mahakama ya Mwanzo. Popote atakapokwenda ataulizwa risiti, karatasi ya makubaliano, spea iliyotolewa, na tarehe ambazo gari lilizima. Hizo tarehe zimo katika daftari lile lililowekwa ndani ya gari.